Mazoezi mepesi kwa mwenye mgongo au ugonjwa sugu: kipimo ni asubuhi ya kesho

Mtu akishasema mgongo unamuuma, washauri hawakosekani. Mmoja atamwambia alale chali juu ya kitu kigumu wiki nzima. Mwingine atamwambia asiiname tena maisha yake yote. Wa tatu atamtumia video ya mtu mwenye viungo laini anayejikunja mpaka paji la uso linagusa magoti, na chini yake maneno: "Fanya hivi kila asubuhi, utapona." Wa nne ataapa kwamba hilo si tatizo la mgongo, ni figo. Kisha mgonjwa anakwenda hospitali, anachunguzwa, anapewa dawa za kutuliza maumivu, na akiwa mlangoni anaambiwa, "Ufanye na mazoezi mepesi." Mepesi yapi? Kwa muda gani? Na yakianza kuuma, aache au aendelee? Hapo ndipo wengi huachwa.

Swali hilohilo wanalo wenye kisukari, shinikizo la damu, moyo, pumu na maumivu ya viungo. Wameambiwa mazoezi ni dawa, na wameambiwa wasijichoshe, pengine na mtu yuleyule siku ileile. Kauli zote mbili ni za kweli. Kinachozipatanisha ni dozi, yaani kiasi, na dozi ndiyo isiyoelezwa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Maumivu ya mgongo yaliyodumu chini ya wiki 6 huhesabiwa kuwa ya muda mfupi. Yakipita wiki 12 huitwa sugu. Ugonjwa sugu ni ule unaokaa na mtu kwa miaka, hudhibitiwa zaidi kuliko unavyoponywa: kisukari, shinikizo la damu, pumu, baridi yabisi na mengineyo. Nayo mazoezi mepesi si orodha maalumu ya mikao. Ni mwendo wowote ambao mwili wako, katika hali yake ya leo, unaumudu na bado una akiba. Kutembea hadi mlangoni na kurudi ni kazi nzito kwa mtu aliyetoka kulazwa mwezi mzima, na kwa jirani yake si kitu.

Sauti yako itakusaidia kupima. Ukiweza kuimba huku unatembea, mwendo ni mwepesi. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini wimbo umekushinda, mwendo ni wa wastani. Ukitoa neno mojamoja kati ya pumzi, umefika kwenye mzito. Kipimo hiki hakihitaji saa wala mashine, na kinafaa hata kwa wanaotumia dawa za shinikizo zinazopunguza mapigo ya moyo, ambao kuhesabu mapigo kunaweza kuwadanganya.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliowataja waziwazi, kwa mara ya kwanza, watu wanaoishi na magonjwa sugu na ulemavu. Lengo lililowekwa ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Wengi huishia kusoma hapo na kukata tamaa. Mwongozo huohuo unasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukaa kabisa, na kwamba mtu aanze na kidogo kisha aongeze polepole. Kwa mgonjwa, hiyo ndiyo sehemu ya kusoma kwanza.

Kitanda kilivyopoteza heshima yake

Imani kwamba mgonjwa anatakiwa kulala haikutoka hewani. Madaktari wenyewe waliifundisha kwa miaka mingi. Aliyepata shambulio la moyo alikuwa akilazwa wiki 4 hadi 6, akikatazwa hata kujigeuza mwenyewe. Mwaka 1952, madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston waliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo waliowakalisha kitini mapema badala ya kuwaacha chali. Wenzao wengi walidhani ni kuhatarisha maisha ya watu. Wagonjwa wale waliendelea vizuri, na polepole desturi ya kitanda cha wiki nyingi ikafifia.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Dallas, Marekani. Mwaka 1966 vijana 5 wenye afya njema, kila mmoja na umri wa miaka 20, walikubali kulala kitandani wiki 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu haohao 5 walipimwa tena, sasa wana miaka 50. Uwezo walioupoteza kwa kuzeeka miaka 30 ulikuwa mdogo kuliko walioupoteza kwa kulala wiki 3 wakiwa vijana. Wakaanza mazoezi taratibu kwa miezi 6, na wakarudi pale walipokuwa kabla hawajalazwa mwaka ule wa 1966. Kama hivyo ndivyo kitanda kilivyowafanya vijana wazima, fikiria kinavyomfanya mama wa miaka 60 mwenye kisukari anayeambiwa na wanawe, kwa mapenzi kabisa, "Wewe kaa tu, tutafanya sisi."

Kwa upande wa mgongo kuna utafiti wa Helsinki, Finland, uliochapishwa mwaka 1995. Wafanyakazi 186 wa jiji waliopatwa na maumivu makali ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lililala siku 2. La pili lilipewa mazoezi maalumu ya mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka zaidi ni wa kundi la tatu, na waliochelewa zaidi ni wale waliolala.

Angalia vizuri: hata waliopewa mazoezi maalumu hawakuwashinda walioendelea na maisha yao. Kwa hiyo mgongo ukikukamata leo, huna haja ya kukimbilia mikao ya kwenye video. Siku za mwanzo, inuka, tembea ndani ya nyumba, badilisha mkao mara kwa mara, lala ukizidiwa kisha inuka tena. Mazoezi ya mpangilio yana kazi yake baadaye, hasa kwa maumivu yaliyokwisha kuwa sugu au yanayorudi kila baada ya miezi michache.

Ndani ya mgongo kuna nini

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, zikifuatiwa na zile zilizoungana za kwenye nyonga na kifandugu. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa kule juu kabisa chini ya fuvu, kuna diski yenye kiini laini na kingo ngumu. Misuli, kano na mishipa ya fahamu vimezunguka pande zote.

Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake huifikia kwa kupenya kutoka kwenye pingili za juu na chini, na kujongea kwako ndiko kunakosaidia maji kuingia na kutoka. Usiku, uzito ukiondoka, diski hunywa maji na kutuna. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni, kwa takriban sentimita 1 au 2, na mgongo huwa mgumu kukunja. Mwenye mgongo mbaya asianze siku kwa kujaribu kugusa vidole vya miguu. Aupe mgongo saa moja ya kutembeatembea kwanza.

Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wenye maumivu ya kiuno hawaonekani kuwa na sehemu moja mahususi inayoweza kunyooshewa kidole kwamba ndiyo chanzo. Hilo huwaudhi watu, na nawaelewa, maana husikika kama kuambiwa unajifanya. Sivyo. Maumivu ni ya kweli kabisa. Ila chanzo chake ni mchanganyiko wa misuli iliyolegea au kukakamaa, viungo vidogo, usingizi mbovu, msongo wa mawazo, kukaa muda mrefu na mishipa ya fahamu iliyokuwa nyepesi kuamka.

Halafu kuna karatasi ya majibu ya kipimo. Mtu anapigwa picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, anasoma "diski imetokeza", "pingili zimesagika", na tangu siku hiyo anatembea akijishika kiuno. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wale na asilimia 84 ya wazee wale. Hawa wote walikuwa wakiendelea na maisha yao bila kulalamika. Nasema hili kwa uzito: karatasi hiyo imewalaza watu wengi ambao ugonjwa wenyewe usingewalaza. Hata diski iliyotoka kweli na kugusa mshipa wa fahamu, mara nyingi hunywea yenyewe ndani ya miezi kadhaa.

Kuumia na kuharibika

Hofu kubwa ya kila mgonjwa anayeanza mazoezi ni hii: "Nikisikia maumivu, si najiharibu?" Kwa kidonda kibichi, jibu linaweza kuwa ndiyo. Kwa maumivu ya zaidi ya miezi 3, mara nyingi ni hapana, na hapa panahitaji subira kidogo kueleweka.

Fikiria nyumba iliyowahi kuvamiwa na wezi usiku. Mlinzi wa getini aliyekuwa zamu siku ile hakutulia tena. Zamani alipiga filimbi akimwona mtu anaruka ukuta. Sasa anaipiga paka akipita, anaipiga upepo ukitikisa bati, anaipiga hata mwenye nyumba mwenyewe akichelewa kurudi. Filimbi ni ya kweli na inaamsha nyumba nzima, lakini mwizi hayupo. Mfumo wa fahamu uliokaa na maumivu muda mrefu hufanya hivyohivyo. Kizingiti cha kupiga kelele kimeshuka, na mkunjo mdogo wa kiuno usio na madhara yoyote unaripotiwa kama hatari. Kumfukuza mlinzi huwezi. Kinachomtuliza ni kuona, usiku baada ya usiku, kwamba watu wanaingia na kutoka salama. Zoezi jepesi linalorudiwa kila siku ndilo linaloufundisha mwili hivyo. Zoezi la ghafla na zito humpa mlinzi sababu ya kuhofu zaidi.

Kwa hiyo kuuma kidogo wakati wa zoezi hakukatazwi. Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakiwa 3 kabla hujaanza na yakapanda hadi 4 au 5 ukiwa unafanya, kisha yakarudi 3 kabla ya kesho asubuhi, dozi ilikuwa sahihi. Ukiamka kesho bado yako 5, dozi ilizidi, nawe punguza theluthi moja au nusu. Ukiamka na hali yako ya kawaida kwa wiki nzima mfululizo, ongeza kidogo: dakika 1 au 2 za kutembea, au mara 1 au 2 za kurudia zoezi. Asubuhi ya kesho ndiyo inayokuambia ukweli, kuliko unavyojisikia ukiwa katikati ya zoezi na mwili umepata moto.

Sheria hii ina adui mmoja, naye ni siku nzuri. Mtu ameteseka wiki mbili, anaamka siku moja mwepesi, mgongo umenyamaza. Anafua nguo zote, anapiga deki nyumba nzima, anahamisha kabati, anatembea mara tatu ya kawaida yake. Siku inayofuata hainuki, na hainuki siku tatu. Akiinuka anasema, "Mazoezi hayanifai." Kilichomwangusha ni kupanda na kushuka huko, mazoezi hayahusiki. Kiasi ulichojiwekea kiheshimu siku nzuri kama unavyokiheshimu siku mbaya. Ukijua maumivu huanza kupanda ukitembea dakika 10, anzia dakika 6 au 7, hata kama leo unajiona unaweza 20. Najua inachosha roho kujizuia wakati mwili umekubali, lakini hapa ndipo wengi wanapofaulu au kushindwa.

Zoezi moja, kwa karibu

Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kikiegemea ukuta ili kisiteleze. Kaa mbele kidogo ya kiti, usijibwage hadi kwenye egemeo. Nyayo zikae sakafuni kwa upana wa mabega, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele kutokea kwenye nyonga, si kwa kupinda mgongo, mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu. Sasa vuta pumzi, na unapoitoa, sukuma sakafu kwa miguu na uinuke. Simama wima, tulia kidogo. Kushuka ndiko kwenye kazi zaidi: peleka makalio nyuma ukikitafuta kiti polepole, hesabu hadi 3 au 4, usianguke juu yake. Kama miguu haitoshi, saidia kwa mikono juu ya mapaja au juu ya mikono ya kiti. Kama bado ni ngumu, weka mto mgumu juu ya kiti ili usishuke sana. Anza na mara 5. Pumzika. Ukiweza, rudia mara 5 nyingine jioni.

Nimelichagua hili kwa sababu karibu kila mtu analihitaji, mwenye mgongo, mwenye goti, mwenye moyo na mwenye miaka 80. Ndilo linaloamua kama mtu ataweza kuinuka chooni bila msaada. Hakuna anayelipiga video, kwa kuwa halivutii macho.

Ya mgongo hasa yapo mengi. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, kisha inua makalio polepole na kuyashusha. Au kaa mkao wa kutambaa, viganja na magoti sakafuni, nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele bila kuacha kiuno kilegee, kaa hivyo sekunde 8 hadi 10, badilisha upande. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyetumia miaka mingi kuchunguza uti wa mgongo, hulitumia hili la pili pamoja na mengine mawili, akishauri kukaa kwa sekunde chache na kurudia badala ya kukakamaa kwa dakika nzima.

Na kuna habari ya Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wa New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja, aliyekuwa na maumivu yaliyoshuka mguuni, alilala kifudifudi kwa bahati mbaya juu ya kitanda ambacho upande wa kichwani ulikuwa umeinuliwa. Mgongo ukawa umepinda kwa nyuma, mkao uliohofiwa siku zile. McKenzie alipomrudia baada ya dakika kadhaa, maumivu ya mguu yalikuwa yameondoka. Kutokana na hapo alijenga njia yake ya kutibu, na kutuachia alama inayofaa kujulikana na kila mwenye maumivu ya kushuka mguuni: zoezi likifanya maumivu yapande kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, kwa kawaida ni dalili njema. Likiyasukuma yashuke zaidi kuelekea kwenye unyayo, achana nalo.

Lipi ni bora kuliko mengine? Nikiulizwa, najibu: lile utakalolifanya tena kesho. Tafiti zimelinganisha aina nyingi, na tofauti kati yake kwa maumivu ya mgongo ya kawaida ni ndogo. Hata kutembea peke yake kunatosha kwa wengi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno karibuni. Nusu walipewa mpango wa kutembea, wakiongeza taratibu hadi kufikia dakika 30 mara 5 kwa wiki, pamoja na vikao vichache vya mafunzo na mtaalamu. Kwa waliotembea, maumivu yalirudi baada ya siku 208 kwa kipimo cha kati, yaani nusu mapema zaidi na nusu baadaye; kwa wasiopewa mpango, siku 112. Na mkanda wa kiunoni je? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mipango ya mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kushikilia mgongo wala matibabu ya kuuvuta kwa mashine.

Ugonjwa ukiwa mwingine

Mwenye kisukari ana faida moja ya ajabu. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haifanyi kazi vizuri. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula huzuia sukari kupaa, na mwili huendelea kuitumia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi tatu. Ndiyo maana inashauriwa usipitishe siku 2 mfululizo bila kufanya chochote. Kwa anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, hatari ni sukari kushuka. Apime kabla, ikiwa chini ya 5 kwa kipimo cha milimoli, yaani 90 kwa kipimo cha miligramu, ale kitu kwanza. Mfukoni awe na kitu chenye sukari ya haraka. Akumbuke pia kwamba sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku. Ikiwa iko juu sana naye anajisikia mgonjwa, siku hiyo si ya mazoezi. Na miguu: viatu vilivyofunika vidole, soksi kavu, kisha kuangalia nyayo na katikati ya vidole akirudi. Aliyepoteza hisi miguuni anaweza kutembea na malengelenge bila kujua, na kidonda kama hicho huja kumgharimu mguu.

Kwa shinikizo la damu, jambo kuu ni pumzi. Ukibana pumzi huku unasukuma au kuinua kitu, shinikizo hupaa ghafla. Toa pumzi wakati wa sehemu ngumu ya zoezi. Usisimame ghafla ukimaliza. Tembea polepole dakika chache. Ikiwa umepima umetulia na ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, mwone daktari kwanza. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri ajipime uzito kila asubuhi. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au miguu ikavimba, aache zoezi na atafute msaada. Maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, jasho baridi: acha papo hapo, yeyote uwe.

Mwenye pumu apashe mwili taratibu dakika 10, na kama daktari amemwelekeza, avute dawa yake ya kufungua njia za hewa dakika 10 hadi 15 kabla. Mwenye mapafu yaliyochakaa atoe hewa kupitia midomo iliyobanwa kidogo, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta.

Mwenye goti lililolika huogopa kulimaliza kwa kutembea. Gegedu za goti, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, nazo hulishwa na ute unaozunguka kiungo kinapojongea, na misuli ya paja ikiimarika goti hubeba mzigo mdogo. Kiungo kikiwa cha moto na kimevimba, kama inavyotokea kwa baridi yabisi, kikunje na kukunjua tu bila mzigo mpaka kitulie. Mwenye mifupa iliyopungua uzito aepuke kujikunja mbele na kujinyonga kiuno akiwa amebeba kitu, lakini asiache kutembea. Hata saratani, ambayo zamani mgonjwa wake aliambiwa apumzike tu, imeingia humu: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 kwa watu 889 waliomaliza upasuaji na dawa za saratani ya utumbo mpana ulionyesha kwamba, baada ya miaka 5, takriban 80 kati ya 100 waliosimamiwa mazoezi kwa miaka 3 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 74 kati ya 100 waliopewa tu maandishi ya ushauri wa afya.

Kuna kundi moja ambalo sheria ya kuongeza taratibu inaweza kuliumiza. Ni watu wenye ugonjwa wa uchovu sugu, pamoja na baadhi ya wanaoendelea kuumwa muda mrefu baada ya UVIKO. Hawa, wakivuka kiwango chao hata kwa kazi ndogo au kwa kufikiri sana, huporomoka saa 12 hadi 48 baadaye, na huweza kukaa hivyo siku au wiki. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliacha kupendekeza kwao mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba. Ukiona unaanguka namna hiyo kila baada ya juhudi ndogo, usijilazimishe na usikubali kuitwa mvivu. Kazi yako ni kulinda akiba ya nguvu na kumtafuta daktari anayeujua ugonjwa huu.

Zipo pia dalili za mgongo ambazo si za kutafutiwa zoezi. Ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, kushindwa kukojoa au kutozuia mkojo na haja kubwa, miguu yote miwili kuishiwa nguvu: hiyo ni hospitali sasa hivi, si kesho. Homa na jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, kuanguka au ajali, maumivu yasiyopungua hata ukilala: mwone daktari kabla ya kuanza chochote. Na figo? Maumivu yake mara nyingi hukaa juu, chini ya mbavu kwa upande mmoja, huja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo, na hayabadiliki sana ukigeuka au kuinama. Maumivu yanayozidi ukiinama na kupungua ukibadilisha mkao, mara nyingi ni ya mgongo wenyewe.

Siku mbaya itakuja hata ukifuata yote haya. Mgongo utakamata tena, au sukari itavurugika, au mafua yatakuangusha wiki. Usirudi kitandani moja kwa moja na usijaribu kufidia. Kama kawaida yako ni kutembea dakika 14, tembea 7, au zigawe mara mbili za dakika 3 na nusu. Kama ni kuinuka kitini mara 10, inuka mara 4. Ikiwa una homa, acha kabisa mpaka iishe. Asubuhi mbili au tatu zikipita salama, panda robo ya kiasi ulichopunguza, kisha robo nyingine, na andika mahali tarehe na dakika, ili ukienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia umwonyeshe mwili wako unavyojibu. Karatasi hiyo itamfaa katika kukupangia dozi kuliko picha yoyote ya diski.